Sura ya Saba: Kinyamazishi

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa na ugonjwa uliojulikana na maabara nzima. Ukijifunga nawe uko ndani, hutoki. Kitasa cha ndani kilikufa siku nyingi. Fundi wa majengo aliitwa, akaja, akakitikisa, akatikisa na kichwa, akaenda zake, na matengenezo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo kila aliyeingia kuchukua chupa au mirija alitanguliza stuli ya mbao, akaiweka kizingitini ili mlango usijifunge. Ilikuwa stuli ya kazi hiyo tu. Miguu yake ilikuwa imechubuka kwa kubanwa na chuma.

Asubuhi ile stuli haikuwa kizingitini. Ilikuwa upande wa pili wa maabara, imesukumwa chini ya meza kwa adabu, kana kwamba watu wamemaliza kula na nyumba imeshapangwa.

Inspekta aliitazama kwa muda mrefu kuliko wenzake walivyopenda. Askari wadogo walimwita Shangazi, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu aliingia mahali palipokufa mtu jinsi shangazi anavyoingia nyumbani kwa kaka yake: vyombo kwanza, watu baadaye.

"Nani kaigusa hii?"

"Hakuna, afande," alisema Sajini. "Tumeikuta hapo hapo. Ila usijisumbue sana na fanicha. Mtu tunaye. Fundi wa maabara. Jana ndiye aliyeleta barafu kavu, jana hiyo hiyo aligombana na marehemu, na leo ndiye aliyeukuta mwili. Akitaka kuwa na hatia zaidi ya hapo itabidi aombe msaada."

Kwenye sakafu ya chumba cha baridi boksi jeupe lilikuwa limekaa wazi, tupu. Jana lilikuwa limejaa barafu kavu, ile inayofungiwa na sampuli zinazosafirishwa mbali. Barafu hiyo haigeuki maji. Hugeuka hewa, ile ile chafu tunayoitoa puani, na katika chumba kidogo kisicho na dirisha hewa hiyo huja juu polepole hadi mtu anakosa pumzi. Ndivyo alivyokufa mtafiti kijana waliyemwita Dokta Mdogo. Alikuwa mfupi, na maabara ilikuwa na mkubwa mmoja tu, Profesa.

Inspekta alikuwa ameuona mwili kabla haujafunikwa. Viganja vilikuwa safi. Vifundo vya ngumi zote mbili vilikuwa vimechubuka.

"Glavu za kubebea hiyo barafu ziko wapi?" aliuliza.

Sajini alionyesha msumari uliokuwa ukumbini, nje kabisa ya maabara. Glavu nene za bluu zilining'inia pale.

"Na ukiibeba kwa mikono mitupu?"

"Fundi anasema inachuna ngozi, afande. Inaunguza kama kaa la moto."

"Ndani ya boksi lake isingeisha kwa usiku mmoja; mtu ameitoa akaitawanya sakafuni. Marehemu hakuishika kwa glavu, maana ziko kule ukumbini, wala hakuishika kwa mikono, maana viganja vyake ni vizima. Na aliyeingia na boksi zito namna hii hawezi kuacha stuli chini ya meza." Inspekta aliinama, akairudisha stuli kizingitini ilipostahili kuwa. "Alifuatwa humu ndani, Sajini. Alifungiwa."

Ofisi ya Profesa ilikuwa mwisho wa ukumbi huo huo. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Alimkaribisha Inspekta kwa kidevu.

"Samahani, sikupi mkono. Nina mafua."

"Pole. Na pole kwa msiba."

"Ni pigo. Alikuwa mwanafunzi wangu bora." Alisema hivyo bila haraka, na huenda ilikuwa kweli.

"Nieleze mlichokuwa mkifanya. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Wasiojua kitu ndio rahisi. Wanaotesa ni wanaojua nusu." Profesa aliegemea kiti. "Ndani ya kila seli, jeni hutoa ujumbe. Ujumbe ukisomwa, seli hutii: kua, gawanyika, tulia, kufa. Sasa kuna vipande vifupi mno vya RNA. Vitabuni ni maikro-RNA, sisi humu tunaviita vinyamazishi. Kinyamazishi hudaka ujumbe kabla haujasomwa, ujumbe ukakoma hapo. Ini lenye afya lina kinyamazishi kimoja kilicho kingi kuliko vingine vyote. Moja ya kazi zake ni kutuliza njia za ishara zinazoiamuru seli igawanyike. Saratani ya ini ikishika, kinyamazishi hicho hupungua, na zile ishara hupiga kelele mchana na usiku. Seli haina masikio mengine. Inatii."

"Kwa hiyo huyu kinyamazishi, akinyamaza yeye..."

"Hiki," Profesa alimkata. "Kikinyamaza chenyewe. Ni kitu, Inspekta, hakina roho. Wanafunzi wangu nawakemea kila siku. Ukishaanza kusema molekuli 'anataka', molekuli 'anakataa', umetoka kwenye sayansi umeingia kwenye hadithi za sungura na fisi."

"Kikinyamaza," Inspekta alisema, mtiifu.

"Ahsante. Sisi tumekitengeneza upya, tumekifunga ndani ya vitone vya mafuta, tunakirudisha kwenye ini kwa dripu. Leo alasiri tunaanza na mgonjwa wa kwanza." Alishusha sauti. "Ni baba wa marehemu."

Inspekta aliacha kuandika.

"Mzee mwenyewe hajui kama binti yake amefariki," Profesa aliendelea. "Nimeagiza asiambiwe. Mshtuko utamharibu. Tumpe dawa kwanza, msiba baadaye."

"Na binti alikuwa na maoni gani juu ya baba yake kuwa wa kwanza?"

"Hakuwa na pingamizi."

Fundi wa maabara aliketi kwenye chumba cha mahojiano akiwa amekumbatia tumbo lake mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, na usingizi wa usiku uliopita ulikuwa bado machoni. Alikuwa hajapewa hata nafasi ya kunawa uso.

"Mlikuwa mnagombania nini jana?" Inspekta aliuliza.

"Panya, afande."

Sajini aliguna. "Watu wazima wawili."

"Mficha uchi hazai, mzee mwenzangu," Inspekta alimwambia fundi. "Sema yote. Panya wa nini?"

Fundi alisema. Panya waliopewa dawa walianza vizuri, uvimbe wa ini ukapungua, maabara ikafurahi mpaka wakapigana picha. Halafu baadhi wakaanza kutetemeka. Wakavimba, wakashikwa na homa, wakafa. Profesa akasema ni chakula kibovu, akaagiza wachomwe na wasihesabiwe. Dokta Mdogo aliwataka wale waliokufa kabla hawajatiwa motoni. Fundi alikataa kwa kuhofia kazi yake, wakatupiana maneno mbele za watu, na mwisho akampa kwa siri.

"Alisema nini kuhusu hao panya?"

"Alisema dawa haitulii kwenye ini. Inaingia hata kwenye seli nyeupe za damu, zile za kinga. Na kinyamazishi kimoja, afande, hakinyamazishi ujumbe mmoja. Kinanyamazisha mamia. Kikifika kwa seli za kinga kinazima na breki zao, kinga inamgeukia mwenye mwili. Akasema, 'Baba yangu hatatundikiwa hiyo.' Jana jioni aliingia kwenye chumba cha baridi kutafuta damu ya panya hao akaipime. Mimi nilikuwa nimeshaiacha barafu ukumbini kama kawaida, nikaenda nyumbani."

"Hao panya wako wapi?"

"Friza kubwa, chini kabisa. Ndani ya kopo la maziwa ya unga. Yeye mwenyewe ndiye aliwaficha."

Sajini alisukuma simu ya fundi mezani. "Muulize na hii, afande. Imo sauti ya jana jioni. Profesa aliituma kwenye kundi la maabara, halafu akaifuta upesi. Simu ya huyu inajipakulia yenyewe."

Fundi aliigusa. Sauti ya Profesa ikatoka, tulivu, karibu ya uchovu: *"Ameshanyamaza. Kesho tuendelee kama tulivyopanga."*

"Nilijua haituhusu," fundi alisema. "Kuna kundi letu na kuna kundi lake na wafadhili, majina yanafanana, hukosea. Lakini ni habari za kazi tu. Kuna panya tunaozima kile kinyamazishi chao cha asili, ili tulinganishe. Kikishazimika tunaambiana."

"Nilivyodhani," Sajini alisema, akajinyoosha. "Pale kila kitu kinanyamaza. Hapo hapana kitu, afande."

"Irudie," Inspekta alisema.

Ikarudiwa.

"Sasa nipe nyingine zake. Za zamani. Zote."

Walikaa wakimsikiliza Profesa akizungumza kutoka kwenye simu ya mtu mwingine. Kimenyamaza kwenye kundi la kwanza. Bado hakijanyamaza, ongezeni dozi. Leo kimeamka tena, nani alipima? Kulikuwa na moja ndefu, anamgombeza mwanafunzi aliyeandika kwamba kinyamazishi "anaogopa" joto. Fundi alitabasamu kwa huzuni kwa sababu aliikumbuka siku hiyo. Inspekta hakutabasamu. Alimwomba Sajini aitunze simu mfukoni mwake na asiitoe hata kwa mkuu wa kituo.

"Na huyu, afande? Tumwachie?"

"Mletee chai. Halafu nenda kwenye friza."

Mzee alikuwa kwenye kitanda cha dirishani. Tumbo lilikuwa limejaa maji, macho ya manjano, lakini nywele zake chache zilikuwa zimechanwa, na shati la hospitali limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Sista wa wodi alimkamata Inspekta kiwiko kabla hajafika.

"Hajui," alinong'ona. "Ukimwambia, mimi ndiye nitakayeulizwa na Profesa."

Inspekta alivua kofia, akaikunja chini ya kwapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni daktari mpya?"

"Natoka maabara."

"Ahaa. Basi unamjua kitindamimba wangu. Mmeonana leo?"

"Nimemwona asubuhi," Inspekta alisema, na ilikuwa kweli.

"Mwambie aje. Tangu jana namngoja. Si kawaida yake." Mzee alijaribu kuketi, akashindwa, akacheka kidogo kuficha. "Mimi nilikuwa mtu wa reli. Ishara. Taa nyekundu, taa ya kijani, maisha yangu yote. Nilipougua akanieleza kwa lugha yangu. Akasema, baba, seli zako za ini zimewashiwa kijani tu, na aliyekuwa akiwasha nyekundu hayuko zamu. Nikaelewa pale pale. Madaktari walikuwa wamenizungusha miezi, mtoto kanieleza kwa dakika."

"Na hii dripu ya leo, alikwambia nini?"

"Juzi alikuja mbio, hata hakuketi. Akasema, baba, usikubali kutundikiwa kitu chochote mpaka unione mimi kwa macho. Nikamwambia, kwani nimekuwa treni? Akasema ndiyo, na mimi ndiye taa yako." Mzee alitulia apate pumzi. "Sasa ni hivi. Kwenye reli, taa ikizimika, dereva hasemi labda ni kijani. Anasimama. Taa iliyozimika ni nyekundu. Nimewafundisha vijana wengi hilo neno. Basi na mimi nimesimama. Sista kaja na chupa yake mara mbili, nimemrudisha."

Sista alikuwa ameangalia pembeni.

"Fanya hivyo hivyo, mzee," Inspekta alisema. "Usikubali."

Ukumbini alimwagiza Sista asimguse mgonjwa mpaka yeye arudi. Sista alijibu, si kwa ujeuri, kwamba amri za wodi ile zinatoka kwa Profesa, na polisi walete karatasi. Karatasi ingechukua siku nzima. Inspekta aliona mzee mwenyewe ni mlinzi wa kutosha, akaondoka. Baadaye alilikumbuka kosa hilo kila alipopita mbele ya hospitali.

Sajini alimngoja chini ya ngazi za maabara, kopo la maziwa ya unga mkononi, limeshika umande. Walipanda pamoja. Juu ya ngazi walimsikia Profesa akiagana na mtu kwenye simu kwa sauti ya upole, na walipofungua mlango alikuwa ameshaiweka simu mezani kwa mkono wa kushoto.

Sajini aliliweka kopo mbele yake.

"Maziwa?" Profesa aliuliza.

"Panya," Inspekta alisema. "Wale wa chakula kibovu."

Profesa alilitazama kopo bila kuligusa. "Panya hufa, Inspekta. Wasipokufa, sisi hatuna kazi."

"Hawa wamekufa wamevimba. Mwanafunzi wako alitaka watu wajue kabla baba yake hajatundikiwa. Jana jioni mlango ulimfungia." Alimpa Sajini ishara, na sauti ikatoka kwenye simu: *"Ameshanyamaza. Kesho tuendelee kama tulivyopanga."*

"Ni matokeo ya jaribio. Muulize mtu yeyote humu."

"Nimeuliza. Wote wamekubaliana nawe. Mimi ndiye sijakubali." Inspekta hakuwa ameketi. "Asubuhi nilisema kinyamazishi 'akinyamaza'. Ukanikata kauli, ukaniambia ni kitu, hakina roho. Nimesikiliza jumbe zako zote. Kimenyamaza, hakijanyamaza, kimeamka. Hakuna hata mara moja umekiita yeye. Ila jana jioni. Jana jioni, maiti akiwa bado hajaonekana na mtu, ndipo Profesa alipoisahau ngeli."

Profesa alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amerudi darasani.

"Utanipeleka mahakamani kwa ngeli, Inspekta? Fikiri kidogo. Kiongozi, kipofu, kiziwi, kijana. Yote huanza na ki, na yote hupokea a. Lugha ina nafasi kwa kila kosa."

"Hilo si kosa. Hayo yote ni majina ya watu."

Tabasamu lilibaki mdomoni muda kidogo baada ya sababu yake kwisha.

"Nani ulitaka aipate hiyo sauti?"

Profesa alipanga karatasi zake mezani kwa mkono wa kushoto.

"Basi nionyeshe mkono wa kulia."

"Nimekwambia nina mafua."

"Mafua hayakai mfukoni, Profesa."

Sajini alizunguka meza. Haikuhitaji nguvu. Mkono ulitoka wenyewe, umefungwa bendeji laini, na bendeji ilipofunguliwa vidole vitatu vilikuwa vyeupe nchani, ngozi imenyanyuka na kujaa maji. Aliyezoea kuletewa barafu na wengine hukumbuka kila kitu isipokuwa glavu zinapotundikwa.

"Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," Sajini alisema. "Huyu kajikwaa vyote viwili."

Hakuna aliyecheka. Profesa alikuwa akivitazama vidole vyake kama sampuli iliyoharibika.

"Unajua saratani ya ini inavyoua?" alisema hatimaye. "Wale wa wodini wanakufa wote. Wote. Kwa dawa hii watakufa baadhi. Yeye alitaka tusimame, tuanze upya na panya, miaka. Nilimsihi. Nilimwambia anyamaze mpaka tupate wagonjwa wachache tu."

"Akakataa."

"Akakataa."

"Vifundo vyake vimechubuka," Inspekta alisema. "Aligonga mlango. Stuli uliipeleka chini ya meza, mbali na mlango. Ulitembea maabara nzima ukimsikia anagonga."

Profesa aliinua macho akatazama saa ya ukutani. Alifanya hivyo kwa namna ambayo Inspekta aliielewa kabla hajafungua kinywa.

"Mmekuja na mkosi wenu wa kuchelewa," Profesa alisema. "Mlipokuwa mnapanda ngazi nilikuwa nazungumza na wodi. Nimezungumza na mzee mwenyewe. Ameshatundikiwa."

Baada ya hapo hakusema neno jingine, wala alipofungwa pingu, wala alipoulizwa jina lake kamili kwa utaratibu. Sajini alitoa kalamu, akaandika kama sheria inavyotaka: mtuhumiwa amenyamaza.

Inspekta hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa uani, anakimbia kati ya maabara na wodi, kofia imebaki nyuma, na watu waliokuwa wakingoja dawa kwenye benchi walimpisha mwanamke mtu mzima anayekimbia kama mtoto aliyeitwa.

Chupa ilikuwa juu. Maji yake yalikuwa meupe kidogo, yakidondoka tone kwa tone ndani ya mrija uliokwenda hadi mkononi kwa mzee. Inspekta hakuomba ruhusa. Alikaba mrija kwa vidole vyake mwenyewe mpaka Sista alipofika, na safari hii Sista hakuuliza karatasi. Alitazama uso wa Inspekta, akafunga kibano, akachomoa sindano, akabana pamba.

Robo ya chupa ilikuwa imeshaingia.

"Kuna nini?" mzee aliuliza. "Mnachomoa nini? Hiyo ni kazi ya mwanangu."

"Mzee, ulisema utasimama."

"Nilisimama. Halafu Profesa mwenyewe akanipigia, kwa simu ya Sista. Nikamwambia, sijamwona binti yangu. Akasema nimezungumza naye, ana shughuli, lakini hana pingamizi." Mzee alitazama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. "Mkubwa wake kazini. Nitamwambia anaongopa? Akasema, hana pingamizi."

Sista aliweka mkono mdomoni.

Mzee alivuta shuka hadi kidevuni. Mabega yalikuwa yameanza kutikisika, kidogo sana.

"Sista, funga dirisha. Mbona kuna baridi humu?"

Dirisha lilikuwa limefungwa. Jasho lilikuwa likimtiririka Sista shingoni. Alimtazama Inspekta, kisha akaenda haraka kumwita daktari wa zamu, viatu vyake vikipiga sakafu.

"Wewe si wa maabara," mzee alisema.

"Hapana, mzee. Mimi ni polisi."

Mtu aliyelinda reli nusu ya umri wake hujua kusoma mambo yaliyo mbali, na macho yale ya manjano yalienda mlangoni, yakakaa pale ambapo binti yake angetokea, yakarudi.

"Ilikuwa imezimika," alisema. "Tangu jana taa ilikuwa imezimika. Nami nikapita."

"Hukupita wewe. Ulisukumwa."

"Kwenye reli hatuandiki hivyo." Alitoa mkono nje ya shuka, unatetemeka, akamshika Inspekta kifundo cha mkono. "Mwanangu, kama ni lile ninalolidhani, usijipe taabu ya kulisema. Nyamaza tu. Nitaelewa."

Pembeni ya kitanda palikuwa na stuli. Inspekta aliivuta, akaketi karibu naye, akamwambia yote.